Kucheka Nikiegemea Nyuma

Goti langu la kulia halikuwa na kosa lolote. Naanza nalo kwa sababu nina deni la kuliomba radhi: kwa miaka miwili nililipaka mafuta, nikalifunga bandeji, nikalisema vibaya mbele za watu, nikalipiga na picha mara mbili, kumbe mkosaji alikuwa amekaa juu yake. Daktari wa mifupa hata hakuligusa. Alinilaza, akaukunja mguu, akauzungusha kidogo kwa ndani, nikapiga yowe. "Hii ni nyonga, mama," akasema. Maumivu ya nyonga yana tabia ya kushuka; unayasikia kwenye kinena au gotini, nyonga yenyewe imetulia kama haihusiki. Picha ilionyesha gegedu la upande wa kulia, ule mto laini unaotenganisha mifupa, limelika lote, mfupa unasugua mfupa. Goti likaachiwa huru.

Kosa hilo lilinigharimu pesa na usingizi wa miaka miwili. Kama goti lako linauma na picha yake haionyeshi kitu, omba nyonga nayo itazamwe, hasa kama kufunga kamba za viatu na kuingia kwenye gari kumegeuka kuwa shughuli.

Nina miaka 62, na sasa ni miezi minane tangu nibadilishiwe nyonga. Sikukusudia kuandika juu ya kicheko. Nilitaka kuandika juu ya kiti cha choo, ambacho nitakifikia. Lakini kila nikijaribu kusimulia yaliyonipata naishia kucheka, na mara moja kicheko hichohicho kilikaribia kuniponza, basi afadhali niyaseme yote pamoja.

Kabla ya upasuaji niliambiwa nitibu meno, maana bakteria wa jino bovu wanaweza kupitia kwenye damu wakahamia kwenye nyonga mpya. Nikang'olewa jino moja. Mjukuu wangu wa miaka minane akataka kujua kama wanabadilisha nyonga tu, au wanambadilisha bibi mzima kipande kwa kipande. Tukaondoa mazulia yanayoteleza, tukaondoa nyaya sakafuni, tukakipandisha kiti changu kwa kukiwekea vipande vya mbao chini ya miguu. Nilichokipuuza ni magongo. Nilipewa mapema, nikaambiwa nijizoeze ningali na nguvu. Nikayaegemeza nyuma ya mlango. Nikaja kujifunza kuyatumia nikiwa na mshono wa siku mbili, kichwa kinazunguka kwa dawa, kwenye korido iliyojaa watu. Wewe jizoeze.

Kuhusu gharama, bili ya hospitali ilikuwa nzito lakini niliijua mapema. Zilizonivizia ni zile ndogondogo: kiti cha kupandishia choo, soksi za kubana pea mbili, nauli ya gari lenye siti ya juu kila siku ya kliniki, mtu wa mazoezi, na siku ambazo mzee wangu hakwenda kazini. Nilinunua pia mto wa bei wenye umbo la kabari wa kuweka katikati ya miguu usiku. Mito miwili ya kawaida ilifanya kazi ileile, na ule wa bei sasa ni wa paka. Kabla hujanunua chochote, uliza kwa watu. Ni ajabu nyumba ngapi zina magongo nyuma ya kabati, na wenyewe wanatamani uyachukue.

Siku yenyewe, watu watano kwa nyakati tofauti waliniuliza jina, tarehe ya kuzaliwa, na ni mguu upi. Daktari alikuwa ameshachora mshale pajani kwa wino mzito. Aliponiuliza wa tano nikamwambia kama bado hamna uhakika, turudi nyumbani. Hakucheka. Baadaye nilimwelewa. Kuuliza ndiyo kazi yake, na mguu usio wenyewe ukipasuliwa hakuna atakayekumbuka kwamba mgonjwa alikuwa mcheshi. Nikamjibu vizuri: wa kulia.

Nilidhani lazima nipigwe nusu kaputi. Nikapewa sindano ya mgongo, kiunoni kwenda chini pakafa ganzi, na dawa ya kunisinzisha kidogo. Hakuna maumivu, lakini masikio yanafanya kazi. Nilisikia msumeno. Kisha nikasikia nyundo, ko, ko, ko, na mwili wangu wote unasogea kitandani kama gunia linalopangwa. Katika ule usingizi wa juujuu nikauliza nani anajenga saa hizi. Daktari wa ganzi akainama: "Unajengwa wewe, mama." Mpaka leo ndilo jibu zuri kuliko yote niliyopewa na mtu wa hospitali. Kama hutaki kusikia fundi akiwa kazini, sema mapema; wengine huwekewa muziki masikioni.

Usiku wodini usingizi ulikataa, nikasoma habari za hicho nilichowekewa. Kinaingia mpini wa chuma ndani ya mfupa wa paja, juu yake mpira wa chuma au kauri, na mpira huo unazunguka ndani ya kikombe kilichotandikwa plastiki ngumu. Mwaka 1891 huko Berlin, daktari Themistocles Gluck alijaribu kutengeneza nyonga kwa pembe ya ndovu. Iliyofanikiwa hasa ni ya Mwingereza John Charnley, mwaka 1962. Kabla ya hapo alikuwa ametumia Teflon, ile ya kwenye vikaango visivyoshika, ikalika vibaya na wagonjwa wakafunguliwa tena. Lililonifurahisha ni kwamba huyu bwana alijipandikiza vipande vya plastiki kwenye paja lake mwenyewe aone mwili utasemaje, na aliwaomba wagonjwa wake kwamba wakifa nyonga zirudi kwake azichunguze. Nilicheka peke yangu gizani. Nesi akaja na tochi kuuliza kama napumua vizuri. Nikamwambia nafikiria juu ya kuazimwa nyonga.

Asubuhi iliyofuata wakanisimamisha na woka, ile fremu ya miguu minne ya kushikilia unapotembea. Naomba nisilipambe hili. Mguu ulikuwa mzito, umevimba, si wangu. Nilipiga hatua tatu, nikaona nyota, nikarudishwa kitandani. Jioni nikapiga kumi na moja. Mtu wa mazoezi alikuwa kijana mwembamba ambaye ningeweza kumwangukia nikammaliza, na nilimwambia hivyo. Akasema ndiyo maana amevaa viatu vya kukimbilia.

Sasa choo. Dawa kali za maumivu, zile za ukoo wa mofini, hufunga choo, na hakuna aliyenieleza hilo kwa uzito unaostahili. Kila asubuhi nesi alisimama katikati ya wodi na kuuliza kwa sauti ya mwalimu anayeita mahudhurio: "Umepata choo?" Siku ya kwanza nilijifunika shuka. Siku ya pili nikatikisa kichwa. Kufika siku ya nne aibu ilikuwa imeisha, mimi na mwenzangu wa kitanda cha jirani, naye wa nyonga, tunaulizana hali ya hewa kabla nesi hajafika. Yeye alinitangulia. Alirudi kutoka msalani na woka yake, polepole, akasimama mlangoni, akainua mkono mmoja. Wodi nzima ilipiga makofi. Sijawahi kumwonea mtu wivu wa namna ile. Omba dawa ya kulainisha choo tangu siku ya kwanza, kunywa maji, tembea hata kama ni mpaka dirishani na kurudi. Ukingoja mpaka tatizo lijitangaze, umechelewa.

Hapo ndipo nilipoelewa kicheko kilikuwa kinanisaidia nini. Maumivu hayakupungua hata chembe kwa kucheka. Maumivu yana vidonge vyake, na vimeze kwa saa zake badala ya kusubiri uzidiwe. Kilichokuwa kinapungua ni aibu. Kuogeshwa, kuvalishwa, kuulizwa habari za choo na kijana wa umri wa mwanangu, yote hayo yana uchungu ambao vidonge haviufikii.

Nyumbani nilirudi na masharti matatu: nisikunje nyonga kupita nyuzi 90, nisipishanishe miguu, nisiugeuze mguu kwa ndani. Nyonga mpya inaweza kuchomoka kabla misuli haijashika. Mimi nilipasuliwa kwa nyuma. Waliopasuliwa kwa mbele mara nyingi hupewa masharti machache, kwa hiyo mfuate daktari wako, usinifuate mimi. Nyuzi 90 zinasikika nyingi mpaka siku unayoangusha kijiko. Kiti cha chini, choo cha kawaida, kujiinamia kuvuta shuka miguuni, vyote ni haramu. Kile kiti cha kupandishia choo, basi, ndicho kilichonipa heshima yangu. Kinakuweka juu kama hakimu. Hakikisha tu kimefungwa imara kabla hujakalia. Changu kilicheza siku ya kwanza, na hukumu ilikaribia kutolewa sakafuni.

Mjukuu alipoelezwa masharti alikwenda kwenye begi la shule, akarudi na kipimapembe kutoka kwenye mkebe wake wa hesabu. Kwa wiki sita nilikuwa na askari. Nikiketi anakuja, anaweka kile kiplastiki ubavuni mwangu, jicho moja amefumba. "Nyuzi themanini na nane, Bibi. Uko karibu." Nikiegemea mbele kuchukua kikombe anapiga kelele "Nyuzi!" kutoka chumba kingine, ambako hawezi hata kuniona. Siku moja aliniuliza, kwa upole kabisa, kama chuma changu kitashika kutu nikioga. Nilimwambia ni aina ya chuma isiyoshika kutu. Akafikiri. "Basi watakizika na wewe au watakitoa?" Nikamweleza habari za yule daktari wa Uingereza. Akaona ni mpango mzuri.

Na soksi. Lazima niseme juu ya soksi.

Soksi za kubana zinasaidia damu isigande miguuni, pamoja na sindano ya tumboni niliyojichoma kila jioni kwa siku 28. Sindano niliizoea kwa siku mbili. Soksi hatukuizoea kamwe. Ukiitazama ni laini, nyembamba, kama ya mtoto, lakini ina roho ya chatu. Kuinama kuivaa mwenyewe huruhusiwi, hivyo kazi ilimwangukia mzee wangu, mwanamume ambaye katika miaka 37 ya ndoa hakuwahi kunivisha hata kandambili. Asubuhi ya kwanza aliketi sakafuni, akauweka unyayo wangu juu ya goti lake, akavuta pumzi. Akavuta soksi. Ikafika kwenye vidole, ikagoma. Akavuta tena, ikamponyoka ikampiga puani. Akaitazama muda mrefu bila kusema kitu. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayezungumza na ng'ombe mkaidi: "Sikiliza wewe."

Nilicheka mpaka machozi. Na mtu akicheka hivyo hukunjika mbele, mikono tumboni. Kutoka chumba cha pili: "Nyuzi!"

Nikajifunza kucheka nikiegemea nyuma. Ni jambo gumu kuliko linavyosikika. Mwili wenyewe unataka kukunjika. Shika mikono ya kiti, bandika mgongo kwenye egemeo, tazama dari, halafu cheka. Inafanana na kupiga kelele za kuomba msaada, na majirani wawili walikuja.

Soksi ina ufundi wake, ambao nesi wa kliniki alituonyesha wiki iliyofuata, wakati pua ya mzee ilishapoa. Unaigeuza nje-ndani mpaka kisigino, unaingiza unyayo, unakiweka kisigino mahali pake, ndipo unaipandisha kidogokidogo kwa viganja. Usiivute kwa juu kwa kucha. Na isiachwe na mikunjo, kwa sababu mkunjo hubana mguu kama kamba.

Wiki ya tatu sikucheka. Nalisema kwa sababu waliopona wanapenda kuliruka. Wageni walikuwa wamepungua, mzee amerudi kazini, usingizi wa chali wa wiki tatu umeniishia, na nilikaa kwenye kile kiti kirefu nalia bila sababu ninayoweza kuitaja. Uvimbe ulikuwa umeshuka mpaka kwenye kifundo, paja lina rangi ya bilinganya. Mtu mmoja akaja kunitazama akanisalimu, "Shikamoo, bibi wa chuma." Wiki moja kabla, utani huohuo nilikuwa nimeutoa mimi mwenyewe, watu wakacheka. Siku ile ulinichoma. Mgonjwa akijitania, amekupa ruhusa ya kucheka. Ruhusa ya kumtania ni nyingine, na inaisha muda wake bila taarifa. Mwingine alinisimulia habari za jamaa aliyepasuliwa hivihivi akafa. Huyo alipoondoka ndipo nilipocheka, kwa hasira. Ukiona huzuni inapita wiki mbili au usingizi na hamu ya kula vimekwisha kabisa, mwambie daktari. Mimi nilimwambia mtu wa mazoezi tu, akaniambia wengi wanapitia hapo, akanipeleka nje jua linakowaka. Hatua arobaini. Zilisaidia kuliko maneno.

Lakini niliruka jambo. Kabla ya wiki hiyo, siku ya kumi hivi, bandeji iliyokuwa imeshakauka ilianza kulowa. Majimaji, si mengi. Nilijua nilipaswa kupiga simu. Ilikuwa imeandikwa kwenye karatasi niliyopewa, kwa herufi nene. Badala yake nikamwambia mzee nyonga mpya imekumbuka kwao, inalia. Akacheka. Kesho yake ikalowa zaidi, nikasema leo imepata habari za msiba. Nilikuwa na vichekesho vitatu juu ya ile bandeji na sikuwa na simu hata moja. Mwanangu ndiye aliyekuja, akanisikiliza mpaka mwisho, hakucheka. "Mama," akasema, "mzaha mzaha hutumbua usaha." Nimeitumia methali hiyo maisha yangu yote kuwaonya watoto, na sikuwahi kudhani kuna siku itakuja kunihusu neno kwa neno.

Tulikwenda jioni ile. Walifungua, wakasafisha, wakachukua sampuli na damu, wakanibakiza usiku mmoja. Ilikuwa juujuu, haikufika ndani, ikakauka kwa siku chache. Daktari hakunigombeza, akanieleza tu: bakteria wakikifikia chuma, dawa za kumeza peke yake mara nyingi hazitoshi, hufunguliwa tena kuoshwa, na wakati mwingine nyonga yote hutolewa. Nilikuwa nimepoteza siku mbili kwa sababu niliogopa kusikia hilo, na kwa sababu nilikuwa nachekesha. Siku hizi nina kanuni ndogo: kinachonitia aibu nitakitania, kinachonitia hofu nitakipigia simu kwanza. Bandeji inayolowa, wekundu unaopanuka, homa, shavu la mguu kuvimba na kuuma, kifua kubana au pumzi kukatika, nyonga kuuma ghafla na mguu kuwa mfupi. Kwa hayo hakuna utani, na pumzi ikikatika usingoje hata simu ijibiwe, nenda.

Mengine yalikwenda haraka. Kutoka woka nikahamia magongo, kutoka magongo mkongojo. Mkongojo hushikwa mkono wa upande wa mguu mzima, na karibu kila mtu hukosea, nikiwemo mimi kwa wiki nzima. Kwenye ngazi, mguu mzima hutangulia kupanda, wa mshono hutangulia kushuka, nilipanda nikinong'ona hivyo, na siku moja mtu nyuma yangu akaitikia "Amina." Kwa muda nilikuwa na hakika wamenirefusha mguu wa kulia. Daktari akapima, iko sawa. Misuli ilikuwa imezoea miaka ya kuchechemea, ikaona unyoofu ni kosa. Hali hiyo iliondoka yenyewe kwenye mwezi wa tatu.

Nikauliza itadumu mpaka lini. Kuna uchambuzi uliochapishwa mwaka 2019 katika jarida la Lancet ulioonyesha kwamba takriban nyonga 58 katika kila 100 hufika miaka 25. Nikapiga hesabu: miaka 87. Mzee akasema basi nyonga itakuwa na nguvu kuliko sisi wawili, tuandike wosia kwa jina lake.

Wiki ya tisa niliruhusiwa kuinama kidogokidogo. Soksi za kubana zilikuwa zimeshakwenda zao. Asubuhi moja nyumba ikiwa tupu, nilikaa ukingoni mwa kitanda na soksi ya kawaida, ya pamba, ya kijivu. Nikaukunja mguu wa kulia taratibu, goti kwa nje, ninavyoelekezwa. Mikono ikafika kwenye vidole kwa mara ya kwanza baada ya karibu miaka mitatu, ukihesabu na ile niliyolisingizia goti. Kucha zilikuwa vibaya mno. Nikaivaa. Ilinichukua dakika kumi na moja, nilizitazama kwenye saa.

Nilipoinuka nikaona kisigino cha soksi kimekaa juu, kwenye utosi wa mguu. Nikaiacha hivyohivyo mpaka jioni, mzee aione.